Bafu la Pistoni

Mkinikuta siku hizi nimepiga magoti, jueni naswali. Kwa miaka thelathini na minane nilipiga magoti kwa kazi, juu ya sakafu za watu, na magoti yenyewe ndiyo yaliyoamua nistaafu, mimi sikuulizwa. Daktari aliitazama picha ya goti la kushoto, akaniuliza kama nilikuwa nikicheza mpira. Nikamwambia mimi natia vigae. Akaandika maneno ambayo hata mwenye duka la dawa aliyasoma kwa shida, akanishauri nikae kwenye kiti.

Basi nimekaa kwenye kiti, hapa kwangu Jomvu Kuu, na nyinyi mliofanya kazi nami mmeniomba niwaandikie ninayoyakumbuka. Nyumba ngapi nimezimaliza na za kina nani, hayo sitayaandika. Nitaandika nilivyoanza, kisha nitaandika juu ya bafu moja la gereji kule Changamwe, kwa sababu katika mabafu yote niliyoyamaliza, hilo ndilo lililonifanya nisimame nje hadi simenti ikanikaukia kwenye mwiko.

Nilianza kwa Ami Mselem. Hakuwa ami yangu wa damu, lakini mtaa mzima ulimwita hivyo. Alikuwa fundi wa sakafu na wa mabirika ya msikitini, mtu mwembamba, mpole wa ulimi na mkali wa macho. Siku ya kwanza nilifika nimevaa suruali mpya, nikidhani nitakabidhiwa mwiko. Nilikabidhiwa ndoo. Tulikuwa tukitengeneza mahali pa kutawadhia, na Ami akaniambia nimwage maji sakafuni kisha nichutame niyatazame.

Nikamwaga. "Yamekwenda, Ami."

"Najua yamekwenda. Nakuuliza yamepita wapi. Mwaga tena."

Niliyatazama maji alasiri nzima. Adhuhuri sakafu ile niliiona imenyooka kama meza. Kufikia jioni niliweza kumwonyesha kwa kidole mahali ambapo maji yalisita kidogo, yakajikusanya, kisha yakaendelea. Ami Mselem aliweka kiganja pale, akaitikia kwa kichwa. Kesho yake alinipa mwiko. Ninao mpaka sasa, ingawa umelika kiasi kwamba mke wangu amewahi kuuliza kama ni wa kupakulia wali.

Wakati ule vifaa vyetu vyote viliingia katika kikapu kimoja: timazi, pima maji, kamba, nyundo ya mpira, na kisu cha kuchorea kigae kabla ya kukivunja. Vigae vilikuwa vidogo na vinene, na ukikosea kimoja unakosea kimoja tu. Siku hizi vinakuja vikubwa kama milango, na kosa nalo huja kwa ukubwa huohuo. Nimefanya kazi nyumba za wastaarabu na nyumba za wapenda fasheni. Bwana mmoja wa Mikindani alitaka bafu jeusi, sakafu, kuta hadi dari. Nikamwambia hutaiona sabuni ikianguka. Akasema mimi ni mtu wa zamani. Baada ya wiki mbili aliniita nibadilishe sakafu, kwa sababu mama mkwe wake alifungua mlango, akatazama chini, akakataa katakata kuingia kisimani.

Sasa nije kwenye gereji. Ni gereji ya malori, na mwenyewe ni Bi Rukia. Aliachiwa na marehemu mumewe, na wale waliodhani ataiuza wangali wanangoja. Aliniita Jumatatu moja, akanikaribisha kahawa, akaliweka jambo mezani pamoja na kikombe.

"Fundi Mbwana, nina fundi mmoja mwanamke, jina lake Kadzo. Ana miezi sita hapa, na kazi yake, wallahi, ni ya mtu wa miaka ishirini. Mwisho wa mwezi huu ananiacha."

"Amepata kwengine?"

"Hajapata. Hana pa kuoga."

Akanieleza. Mafundi wanaume walikuwa wakioga nyuma ya kontena, kwa pipa na kopo. Kadzo alikuwa akivuka barabara kwenda kuoga kwa mama mmoja muuza mahamri, na mama yule alikuwa amehama. Tangu hapo binti alikuwa akirudi kwao Mazeras na oili yake mwilini, watu wakimkwepa njiani kana kwamba ana ugonjwa.

"Sitaki kijumba cha mabati," Bi Rukia akasema. "Nataka bafu ambalo hata mimi nikiingia nitasema mashallah. Na liwe la mafundi, lifanane nao. Si vigae vya maua."

Palikuwa na mahali pamoja tu pa kulijenga, karibu na bomba kubwa na mtaro wa maji machafu. Lakini pale palikuwa na stoo, na stoo ilikuwa ya Mzee Kombo.

Mzee Kombo ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Alikuwa amekaa na injini za malori miaka arubaini, na injini zikachukua masikio yake. Alikuwa hasikii kabisa. Ukizungumza naye unasimama mbele yake, naye anakusoma midomo. Asubuhi ileile niliyokwenda kupima, lori moja lilikuwa likinguruma uwanjani na mafundi watatu wanabishana juu yake. Mzee Kombo akaja na bisibisi ndefu. Akaiweka ncha juu ya injini, akauuma mpini kwa meno, akafumba macho. Akahamisha ncha, akangoja. Akahamisha tena. Mara ya nne akaitoa mdomoni, akainua vidole vinne, akaenda zake kunywa chai. Walipofungua walikuta valvu ya silinda ya nne imepasuka.

Nikamuuliza Kadzo, aliyekuwa karibu nami, "Amejuaje?"

"Anasikia kwa mfupa wa taya, Baba. Mimi nimejaribu, nikasikia kelele tu."

Nilibaki na utepe wa kupimia mkononi, nimesahau nilikuwa napima nini. Nilikuwa nimeshafanya kazi miaka zaidi ya thelathini na tano, na nilijihesabu miongoni mwa mafundi. Siku ile nilijiona kama ndiyo kwanza nimepewa ndoo.

Ndani ya stoo yake mlikuwa na vipuri vibovu vya miaka arubaini. Pistoni, gia, valvu, beringi, vyote vimeoshwa, vimefungwa kwa magazeti, vimepangwa kwenye rafu. Bi Rukia alikuwa ameshawaita watu wa vyuma chakavu. Mkokoteni wao ulipoingia, Mzee Kombo alichukua kibao chake akakaa mlangoni pa stoo. Hakupiga kelele. Alikaa tu, mikono juu ya magoti.

Bi Rukia alisimama mbele yake ili midomo ionekane. "Mzee Kombo, tulishazungumza. Hivi ni vibovu, havirudi garini."

"Naam, ni vibovu," akasema. "Na mimi ni mbovu. Wapakie na mimi."

Bi Rukia alinitazama, nikatazama chini. Baada ya muda mzee mwenyewe aliinuka, akasogeza kibao kando akakaa tena, na watu wale wakaanza kupakia. Kadzo alitoka chini ya lori, akaenda hadi kwenye mkokoteni, akachukua pistoni moja, akaondoka nayo. Wenzake walipokwenda kula, yeye alikaa na mafuta ya taa na msasa laini, akaisugua mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Kisha akaja akaiweka juu ya goti la Mzee Kombo.

Mzee aliishika. Akaizungusha polepole, kidole gumba kikipita ubavuni.

"Silinda ya tatu," akasema. "Lori la kubeba magadi. Hapa pamelika upande mmoja tu, mwaona? Dereva wake alikuwa akipanda mlima kwa gia kubwa, injini inalia, naye hataki kushusha gia. Alikuwa bwana mmoja mrefu, mcheshi. Nilimkanya. Akanisikia injini ilipomwachia njiani, na mkewe mja mzito yumo ndani. Mtoto alizaliwa salama. Waliniletea halua."

Nikapiga hatua nikasimama mbele yake. "Mzee, vyote hivi vina habari zake?"

"Vyote."

Akanyoosha mkono, akachukua kingine kwenye mkokoteni, akakisoma. Kisha kingine. Watu wa mkokoteni walikuwa wamekaa chini wanasikiliza. Nimetia vigae maelfu kwa maelfu, na hakuna hata kimoja ninachoweza kukushikia mkononi nikakwambia kilipita wapi. Nilisimama pale nje hadi simenti ya majaribio niliyokuwa nayo ikanikaukia kwenye mwiko.

Kadzo akamgeukia Bi Rukia. "Mama, tuvitie ukutani."

"Ukuta gani?"

"Wa bafu."

Mzee Kombo alikuwa amemsoma midomo. Akasimama kwa ghafla, pistoni ikaanguka mchangani. "Kazi yangu mwataka kuitia chooni?" Sauti yake ilikuwa kubwa, kwa kuwa hakuweza kuipima. "Miaka arubaini, mkaitundike chooni?" Akachukua koti lake akatoka langoni. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Kadzo alilia. Bi Rukia aliusimamisha mkokoteni, akaamuru vipuri vishushwe hadi mzee atakaporudi, na hakuna aliyejua kama atarudi. Mimi nilikwenda nyumbani nikachora. Siku ya tatu nilimchukua Kadzo tukaenda hadi kwa mzee, Mikindani. Mkewe alitukaribisha. Kadzo akamwamkia mzee kwa kuinamisha kichwa, "Shikamoo, Baba," naye akaitikia "Marahaba" kisha akageukia ukuta, weusi wa oili ungali umemganda usoni na mikononi hata kwake nyumbani.

Nikaweka karatasi mezani, nikamgusa bega ili anitazame. "Mzee, hukutuelewa kwa sababu hatukusema vizuri. Tazama. Choo kiko nyuma huku, kina mlango wake wa nje, na kati yake na bafu pana ukuta mzima wa matofali. Hakuna hata nati yako moja itakayoingia kule. Kule nitatia vigae vyeupe, basi. Huku ni bafuni. Huku mtu anaoga, anatoharika, anatoka."

Aliitazama karatasi kwa muda mrefu. "Na kutawadha?"

Nikamwonyesha kibao cha saruji na bomba la chini, vikielekea mbali na ule ukuta wa choo.

Akaitazama tena. Nikaona mashavu yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akaweka kidole kwenye sakafu niliyoichora, ambapo nilikuwa nimepamba kwa gia tatu, kila moja imeng'atana na zile nyingine mbili.

"Nani kachora hizi?"

"Mimi."

"Hizi zimefungana. Ya kwanza ikienda huku, ya pili yaenda huku, na ya tatu je? Itakwenda wapi?" Akacheka hadi akafuta macho kwa kikoi. "Fundi Mbwana, ukiniwekea sakafu hiyo, kila dereva atakayeoga atanicheka hadi Malaba mpakani. Weka mbili."

Nikaweka mbili, na alfajiri yake alikuwa kazini kabla ya mlinzi kufungua lango.

Wanangu, mkiitiwa kazi ya kutia vyuma bafuni, sikilizeni alivyonifundisha yule mzee. Mimi nilitaka kutia kila kitu. Yeye aliketi na rundo lake, akalitenga mara mbili kwa sumaku. Kile ambacho sumaku ilikishika, alisema, ni chuma, na chuma kitatoa kutu, kutu itashuka ukutani kama machozi, na baada ya mwaka vigae vyako vyote vitakuwa na ndevu nyekundu. Kile ambacho sumaku ilikiacha ndicho kilichoruhusiwa kuguswa na maji: pistoni, ambazo ni aluminiamu, na vile vipete vya shaba vinavyokaa ndani ya mashine. Chuma chote kilikaa upande mkavu, na hapo pia baada ya kupigwa brashi ya waya na rangi mbili.

Pistoni tulizikata katikati kwa grainda, nami nikazipandisha ukutani safu kwa safu, vichwa juu, kati ya vigae vya kijivu. Vipete vya shaba nilivizamisha kwenye ukanda wa usawa wa kifua, vikaonekana kama shilingi za zamani. Kioo kilikaa ndani ya gia kubwa ya duara iliyotoka kwenye lori la mchanga. Kadzo alichomelea kulabu za taulo kwa mikono ya pistoni, zile fimbo za chuma zinazoisukuma, na bomba la juu la kuogea alilitengeneza kwa paipu ya tangi la maziwa, chuma kile kisichoshika kutu. Kila kipande kabla ya kupanda ukutani kilipita kwanza mikononi mwa Mzee Kombo. Alikisoma, akanirudishia. Kuna kimoja alikishika muda mrefu kisha akakitia mfukoni, akaniambia hiki hapana. Sikuuliza.

Sakafu niliifanya peke yangu. Gia mbili, kubwa ya meno ishirini na manne na ndogo ya meno kumi na mawili, kila jino nimelikata kwa mkono kutoka vigae vyeusi, mwili wa kijivu, na mahali meno yanapong'atana huwezi kupitisha kucha. Ilinichukua siku sita. Ilikuwa kazi nzuri kupita zote nilizowahi kufanya na nililijua hilo, nanyi mnajua fundi anapolijua hilo huwa hatari.

Alasiri ya siku ya sita waliingia kutazama, Bi Rukia hakuwepo. Mafundi walisimama mlangoni bila viatu. Mzee Kombo alitazama meno, akayahesabu, akaitikia. Kisha akatoa gololi ya beringi mfukoni, akachutama, akaiweka kando ya shimo la kutolea maji na kuiachia.

Gololi ilikaa kidogo. Kisha ikaanza kwenda, polepole, ikavuka gia ndogo, ikavuka gia kubwa, ikatoka mlangoni ikapita katikati ya miguu ya Kadzo.

Mzee akaifuata gololi yake, akaiokota, akaenda. Hakunitazama usoni, na kwa hilo ninamshukuru. Kadzo akasema, "Labda ni gololi tu, Baba," akaenda naye.

Nilibaki peke yangu na sakafu. Nilijua kosa kabla sijalitafuta. Nilikuwa nimechora mistari miwili ukutani, mmoja wa saruji ya chini na mmoja wa kigae, na upande wa shimo nilikuwa nimeufuata wa juu, shimo likawa juu kuliko mlango. Nyinyi mlinizawadia ile mashine ya mwanga mwekundu inayopima usawa, na nilikuwa nikijivuna nayo. Mashine haikukosea. Ilipima barabara, mahali nilipoielekeza, napo hapakuwa penyewe. Ndoo ya maji sikuimwaga, kwa kuwa nilishajiona sihitaji.

Sitawaficha nilichokifikiria. Nilifikiria kuinua kizingiti kidogo pale mlangoni, maji yasitoke, na kuacha ufagio wa mpira kando ili kila mwenye kuoga asukume maji hadi shimoni. Nani angejua? Mombasa hii nimeona mabafu mengi yenye ufagio ule nyuma ya mlango. Ufagio ule ndio cheti cha fundi aliyetia vigae. Nilikaa mle ndani hadi mwanga wa dirishani ukawa mwekundu, nikiyatazama meno yangu thelathini na sita.

Asubuhi nilikwenda kwa Bi Rukia. "Bibi, sakafu nimeikosea. Maji yatakuja mlangoni. Lazima niivunje."

Akaweka kalamu chini. "Ile ya gia? Ile wanayonihadithia tangu jana?"

"Ndiyo hiyo."

"Ulikuwa waweza kuninyamazia, Fundi. Mimi ningejuaje?"

"Naam. Nilikuwa naweza."

Akaishika tena kalamu yake. "Kadzo anaondoka Ijumaa ya wiki ijayo."

"Nitamwomba mwenyewe."

Nilimkuta chini ya lori, miguu tu ndiyo iliyokuwa nje. Nikaiambia ile miguu kila kitu: kosa, kuvunja, siku zitakazoongezeka. Kisha sauti ikatoka chini ya injini: "Baba Mbwana, nimengoja miezi sita. Vunja tu, uitengeneze sawa. Siendi mahali."

Niliivunja mwenyewe, kwa nyundo na patasi, na kila jino lilipotoka nilihisi kama latoka kinywani mwangu. Nilipoinua kichwa nilimwona Mzee Kombo amechutama mlangoni na karai. Alikuwa anapokea vipande. Hakuna aliyemwita. Tulifanya vile siku nzima, mimi navunja, yeye anabeba nje, yeye hasikii na mimi sisemi.

Mara ya pili nilimwaga ndoo baada ya kila hatua. Nilimwaga juu ya saruji, nikachutama, nikatazama. Tuliziba shimo tukajaza maji usiku kucha, na asubuhi ukuta wa nje ulikuwa mkavu. Nilikata meno thelathini na sita mengine. Nayo yalitoka mazuri kama yale ya kwanza, lakini safari hii sikuwa na haraka ya kuita watu. Mzee Kombo aliweka gololi penye pembe ya mlango. Ikaenda yenyewe, ikapita juu ya meno, ikaingia shimoni, tlin! Yeye hakuisikia. Aliisoma nyusoni mwetu.

Siku ya kufungua ilikuwa Ijumaa, saa tano, ili watu wawahi msikitini. Bi Rukia aliingia kwanza kutazama. Alikaa mle ndani peke yake dakika kadhaa, na alipotoka hakusema mashallah wala kitu chochote, alikuwa ameshika mtandio mdomoni. Pistoni moja ilitoka kwenye lori la kwanza la marehemu mumewe. Mzee Kombo alikuwa ameniambia niiweke penye mwanga wa dirisha, na nadhani alikuwa amemdokeza Bi Rukia.

"Haya, Kadzo," Bi Rukia akasema. "Lako hili. Ingia."

Kadzo alikuwa ameshika ndoo yake, sabuni na nguo safi. Akatazama ndani. Pistoni zote zilikuwa zimeshika mwanga wa jua. Akarudi nyuma hatua moja, akamshika Mzee Kombo mkono.

"Baba kwanza."

"Mimi naoga nyumbani," mzee akasema.

"Baba kwanza, ama sote tutaoga nyuma ya kontena."

Akachukua kanzu yake ya kuendea msikitini, akaingia. Mlango ukafungwa, tukasikia maji. Tulingoja. Dakika kumi, ishirini, na wale wenye kiu ya kuoga walianza kukohoa. Huwezi kumgongea mlango mtu asiyesikia. Bi Rukia alisema mwacheni.

Mlango ulipofunguka, alitoka mzee mmoja mweupe wa nywele, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mikono yake ilikuwa na mistari kama ramani, na ilikuwa ya rangi ya kahawa ya maziwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuijua rangi ile. Uso wake ulikuwa na kovu dogo juu ya jicho ambalo watu wa miaka kumi na mitano pale hawakuwahi kuliona. Tulisimama tukimtazama. Mtu tuliyekuwa tukimwona kila siku, nasi ndiyo kwanza tunamwona.

Wakati uleule lori likaingia langoni, likifuka moshi. Dereva akaruka chini, mteja wa zamani, anatoka jasho. Akatutazama sote, akamkabili yule aliyemwona ni mgeni wa heshima.

"Shikamoo, Sharifu. Samahani. Fundi Kombo yuwapi?"

Mzee alimsoma midomo mpaka mwisho. Akashusha mikono ya kanzu.

"Katoka sasa hivi," akasema.

"Basi nitamngoja," dereva akajibu, akatafuta kivuli, akakaa.